Goti Halilazwi

Kiswahili kina neno moja linalobeba imani yetu nzima kuhusu hospitali: kulazwa. Mgonjwa hulazwa. Tunauliza, "Kalazwa wapi?" kisha, "Kalazwa siku ngapi?" Kwa jibu la swali la pili tunapima ukubwa wa ugonjwa na bidii ya madaktari. Wa siku mbili hakuugua sana, au katolewa kabla ya wakati. Wa mwezi mzima alitibiwa kwelikweli. Na siku ya kutoka tunasema ameruhusiwa, kana kwamba kitanda ndicho kilichokuwa kikimponya na sasa kimekubali kumwachia.

Kwa maradhi mengi lugha hii haimdhuru mtu. Kwa aliyebadilishwa goti inadhuru, na nimeyaona madhara yake nyumbani kwangu.

Mama yangu alibadilishwa goti la kulia akiwa na miaka 68, baada ya miaka mingi ya kupanda ngazi kwa mguu mmoja na kuswali juu ya kiti. Alipasuliwa Jumatatu asubuhi. Jumanne kabla ya saa nne muuguzi na kijana wa mazoezi walisimama kando ya kitanda chake. "Mama, leo tunasimama," kijana akasema. Mama alimtazama kwa muda. "Mwanangu, jana mmenikata, leo mnanisimamisha?" Alisimama. Akashika woka, akaenda hatua sita, akarudi, akalia kidogo, akalala. Jioni akaenda hadi chooni. Alhamisi mchana tukaondoka naye.

Simu zilianza tukiwa bado kwenye foleni ya magari. Shangazi alipiga kutoka Tanga. "Siku tatu tu? Mtu kakatwa mfupa! Wamemfukuza wapate kitanda." Mjomba alitaka tumrudishe, aongezewe walau wiki. Jirani yetu, mwanamke mwema kupita kiasi, alikuja na mto mnene na agizo kwamba Bi Mkubwa asiguse sakafu mpaka kidonda kifunge. Nami, niliyekuwa wodini wakati maelezo yote yanatolewa, niliuchukua mto ule nikauweka chini ya goti la mama, kwa sababu aliniambia hapo ndipo linapotulia. Nitaurudia huo mto.

Wote hao walimpenda mama, na wote walikuwa wakisema jambo moja: muda wa hospitali ndio dawa ya goti, na anayepunguziwa muda amepunjwa. Nataka kulijibu jambo hilo kwa kirefu, maana wanaoliamini ni wengi na lina asili inayoeleweka.

Asili yake ni mguu uliovunjika. Nani kati yetu hajaenda kumtazama kijana aliyegongwa na bodaboda, paja limevunjika, mguu umevutwa kwa kamba na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, naye kalala chali wiki sita au zaidi? Nani hajaona plasta kuanzia kwenye nyayo hadi kiunoni? Mfupa uliovunjika ni lazima utulizwe ili uunge. Ukichezwa, unaunga vibaya au hauungi kabisa. Basi mtu akisikia kwamba mama fulani "amekatwa mfupa" gotini, picha inayomjia ni ile ya paja na kamba, na siku tatu zinaonekana kama dharau.

Lakini daktari anayebadilisha goti haungi mfupa. Anachonga ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi, unene wa takribani milimita 9 au 10, pale ambapo gegedu imelika na mifupa imeanza kusagana. Kisha anazivika ncha hizo chuma, na kati ya chuma na chuma anaweka kipande cha plastiki ngumu yenye uso laini ili viteleze. Mara nyingi chuma hushikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu, na saruji hiyo hukauka kwa muda wa kama robo saa, mgonjwa akiwa bado juu ya meza ya upasuaji. Maana yake ni kwamba mama alipotolewa kwenye chumba kile, goti lake lilikuwa tayari limeshika. Lingeweza kubeba uzito wake siku hiyohiyo. Hapakuwa na mfupa wa kusubiriwa.

Kilichobaki kimejeruhiwa ni nyama: ngozi, mfuko unaozunguka kiungo, kano, na misuli ya mbele ya paja. Nyama ina tabia kinyume na ya mfupa. Ikiachwa imetulia, hujifunga. Ndani ya goti hutengenezwa kovu, na kovu hilo katika wiki za mwanzo bado ni laini, linavutika. Likizoea mkao mmoja, linakuwa kamba. Wagonjwa ambao goti limekataa kukunjika baada ya wiki kadhaa hurudishwa hospitalini, wakapewa dawa ya usingizi, na daktari akalikunja kwa nguvu ili kuyakata makovu hayo. Hakuna anayependa kufika huko.

Misuli nayo ina hesabu yake. Mwezi mmoja baada ya upasuaji huu, msuli mkubwa wa mbele ya paja huwa umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu uliyokuwa nayo kabla. Hata kabla, ulikuwa umenyong'onyea kwa miaka ya maumivu. Ndio msuli unaomwinua mtu kutoka kitini, unaomshusha ngazi, unaozuia goti lisimkatikie njiani. Kitanda hakiurudishii hata chembe. Kila siku ya kulala inachukua nyingine.

Na kuna damu. Mtu anapotembea, misuli ya kigimbi hukaza na kulegea, na kwa kufanya hivyo huisukuma damu ya miguuni irudi juu. Akilala tu, damu hutuama, na baada ya upasuaji wa goti mwili tayari uko katika hali ya kugandisha damu upesi. Bonge la damu likijitengeneza kwenye mshipa wa mguu linaweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda na kuendelea nayo nyumbani kwa siku alizopangiwa, na ndiyo maana kijana wa mazoezi anakuja asubuhi ya pili na woka yake. Shangazi alidhani kusimamishwa kule ni ukatili. Kulikuwa sehemu ya dawa.

Madaktari wenyewe hawakulijua hili siku zote, na ni haki kulisema. Katika miaka ya 1970, magoti ya bandia ya namna hii yalipoanza kuenea, wagonjwa Ulaya na Marekani walikaa wodini wiki mbili na zaidi. Kitanda kilikuwa desturi ya tiba yote. Tangu mwaka 1947 daktari wa Uingereza, Richard Asher, alikuwa ameandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo kuhusu hatari za kumlaza mgonjwa: vidonda vya mgongo, damu kuganda, mifupa kulegea, choo kufunga, moyo kukata tamaa. Ilichukua muda kusikilizwa. Mwaka 1999 watafiti walikusanya majaribio 39 yaliyolinganisha kulala na kutolala kwa wagonjwa wa aina mbalimbali, na makala yao ikatoka katika jarida la Lancet. Katika majaribio 24 yaliyohusu kulala baada ya kufanyiwa jambo hospitalini, hakuna hata kipimo kimoja kilichoboreka kwa uhakika kwa sababu ya kitanda; vinane vilizorota.

Kwa upande wa magoti, nchi iliyotufundisha zaidi ni Denmark. Daktari wa upasuaji Henrik Kehlet alianza katika miaka ya 1990 na wagonjwa wa utumbo, akiuliza swali ambalo kila hospitali yetu ingefaa kuliandika ukutani: mgonjwa huyu kwa nini bado yumo hospitalini leo? Mwenzake wa upande wa mifupa, Henrik Husted, katika hospitali ya Hvidovre jijini Copenhagen, akalichukua swali hilo hadi kwa waliobadilishwa nyonga na magoti. Majibu waliyoyapata hayakuwa "goti halijapona". Yalikuwa maumivu, kizunguzungu na udhaifu wa mwili. Tena wengine walikuwa wamelala pale wakisubiri tu: wanasubiri mtu wa mazoezi, wanasubiri picha ya eksirei, wanasubiri kuongezwa damu.

Basi wakashughulika na sababu hizo moja moja. Wakatumia ganzi ya mgongo badala ya kaputi ilipowezekana. Wakadunga dawa ya ganzi kuzunguka goti lenyewe, njia iliyopata nguvu kutokana na kazi ya Kerr na Kohan wa Sydney. Wakachanganya dawa kadhaa za maumivu ili ile kali inayolevya isihitajike sana. Wakatumia dawa inayopunguza kuvuja kwa damu. Wakaacha mirija isiyo ya lazima. Wakamsimamisha mgonjwa siku ileile ya upasuaji. Mwaka 2000 Mdenmark aliyebadilishwa nyonga au goti alikaa hospitalini siku 10 au 11 kwa wastani. Kufikia mwaka 2009 zilikuwa kama siku 4.

Msomaji makini atasema: sawa, wametoka mapema, lakini je, hao waliobaki hawakutembea vizuri zaidi? Swali hilo limeshapimwa. Watafiti wa Sydney waliwachukua wagonjwa 165 waliobadilishwa goti na ambao hawakupata matatizo makubwa baada ya upasuaji. Kwa bahati nasibu wakawagawa. Kundi moja lilibaki siku 10 zaidi katika wodi ya mazoezi, kisha likaendelea na mazoezi ya nyumbani. La pili lilienda nyumbani moja kwa moja na mpango wa mazoezi ya kufuatiliwa. Baada ya wiki 26 wote walipimwa wanatembea umbali gani kwa dakika sita. Hapakuwa na tofauti ya maana. Matokeo yakachapishwa mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Hizo siku 10 zinazidi ile wiki ambayo mjomba alitaka mama aongezewe, na hata zilipojazwa mazoezi ya kila siku chini ya wataalamu, hazikumzidishia mtu hatua.

Nisome hapo tena polepole, kwa sababu ndipo hoja yangu inapokaa: makundi yote mawili yalikuwa na mpango wa mazoezi. Jaribio lile halikumpeleka mtu nyumbani akalazwe juu ya godoro jingine.

Wapo wanaosema kwamba habari hii yote ya kutoka mapema ni hila ya wenye fedha. Sina haja ya kulikataa lote. Nchini Marekani bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilikuwa hailipii kubadilishwa goti mpaka mgonjwa awe amelazwa. Ilipoondoa sharti hilo Januari 2018, idadi ya wanaokwenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake iliongezeka. Fedha ilikuwa na mkono. Lakini fedha na mazoea vina mkono vilevile pale ambapo siku ni nyingi. Japani, nchi ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwa udokta wa kubahatisha, mgonjwa wa goti bado hukaa hospitalini wiki mbili, tatu au zaidi. Chuma ni kilekile, saruji ni ileile, nyama ni ya binadamu yuleyule. Ikiwa goti moja linakaa siku moja Chicago na wiki tatu Tokyo, anayehesabu siku hizo si goti.

Nasi tuna mazoea yetu yaliyoletwa kwa njia ya pembeni. Upasuaji huu sasa unafanyika hapa: Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na Kenya katika hospitali za Nairobi na kule Kikuyu. Hata hivyo kwa miaka mingi wenye uwezo walikwenda India, na bado wapo wanaokwenda. Hao hurudi na kusema, "Mimi walinikalisha wiki tatu." Ukiwauliza taratibu, utakuta hospitalini walikaa siku chache, na zilizobaki walikuwa hotelini au kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, wakisubiri nyuzi zitolewe, wakifanya mazoezi, na wakikwepa kupanda ndege mapema, kwa kuwa safari ndefu ya kukaa kitini nayo huleta damu kuganda. Wiki tatu zile zilikuwa za safari. Huku nyumbani zikahesabiwa kuwa za goti.

Haya yote hayamaanishi kwamba kila mtu atoke siku ya tatu. Mwenye moyo dhaifu, mwenye sukari isiyotulia, aliyebadilishwa magoti yote mawili kwa mara moja, anayetapika kila dawa, ambaye kidonda chake bado kinavuja, abaki. Anayeishi peke yake ghorofa ya nne isiyo na lifti, asitolewe mpaka lipatikane jibu la zile ngazi. Na yuko mgonjwa wetu wa kawaida kabisa ambaye tafiti za Denmark hazikumfikiria: mama aliyetoka Kigoma au Lindi kuja kupasuliwa Dar es Salaam, ambaye nyumbani kwake ni safari ya basi ya kutwa. Huyo anahitaji kukaa mjini. Lakini anahitaji kukaa kwa ndugu, karibu na kliniki, akitembea uani asubuhi na jioni. Kitanda cha wodi, pamoja na vijidudu vya wodi, hakimfai kuliko chumba cha mpwa wake.

Kwa hiyo kipimo si tarehe. Mama aliruhusiwa kwa sababu aliweza kuinuka kitandani bila kunyanyuliwa, kwenda chooni na woka, kupanda vidaraja vitatu kama vya baraza letu, maumivu yake yalitulizwa na vidonge badala ya sindano, alikula, alikojoa, na bandeji yake ilikuwa kavu. Angeyaweza hayo siku ya pili, angetoka siku ya pili. Angeshindwa mpaka siku ya saba, saba ingekuwa halali yake.

Sasa niseme mahali ambapo shangazi alikuwa na haki, ingawa hakujua ndipo. Tulitoka hospitalini na mfuko wa dawa, karatasi ya tarehe ya kutoa nyuzi, na maneno "aendelee na mazoezi". Mazoezi gani? Mara ngapi? Nani ataangalia? Goti likunjike kiasi gani kufikia lini? Karatasi ilikuwa kimya. Kijana yule wa mazoezi alikuwa amemwona mama mara mbili tu, na wodini alikuwa peke yake kwa vitanda vyote. Hospitali iliyochukua nusu ya somo la Copenhagen, ile nusu ya kutoa watu mapema, na kuiacha nusu ya maandalizi na ufuatiliaji, imemnyima mgonjwa. Malalamiko yetu yalistahili kwenda huko. Badala yake tulilalamikia kitanda, na kitanda ndicho kitu pekee ambacho mama hakukikosa.

Sasa mto. Mto chini ya goti ni raha kubwa, kwa sababu goti lililovimba hupenda kukaa limepinda kidogo. Lakini goti linalolala limepinda usiku kucha, kwa wiki, hujifunza kutonyooka, na mguu usionyooka humfanya mtu achechemee maisha yake yote hata kama chuma cha ndani kimewekwa kwa ustadi. Mto unawekwa chini ya kisigino, goti likining'inia wazi na kushuka kwa uzito wake. Inauma. Nilikuja kuelezwa hivyo siku ya nane ya kuwa nyumbani, na mtaalamu wa mazoezi tuliyemlipa wenyewe aje nyumbani. Siku saba nilikuwa nikimfunga mama goti kwa mapenzi. Fedha ya siku za ziada za wodi, ambazo ndugu walikuwa tayari kuzichangia siku ileile, ilifaa zaidi kumlipa mtu huyu, na ndiko ilikokwenda hatimaye.

Yeye ndiye aliyetazama nyumba yetu kwa jicho la goti. Aliuliza choo ni cha namna gani. Akaomba kiti kirefu chenye mikono, kwa sababu kuinuka kwenye kiti cha chini kunadai goti likunjike zaidi ya pembe mraba, nyuzi 100 na ushei, na mama alikuwa bado yuko 70. Akataka mkeka uondolewe sebuleni usije ukamkwaza. Akauliza kuhusu kukuna nazi. Mama akasema hukaa kwenye mbuzi tangu ana miaka saba. Mbuzi ikahamishiwa juu ya meza. Aliuliza pia kuhusu swala, na akasema wazi kwamba goti la bandia kwa wengi hufika nyuzi 110 hadi 120, ilhali kukaa juu ya visigino kunadai zaidi ya hapo. Mama alinyamaza. Alikuwa ametumaini kusujudu chini tena. Akaambiwa aswali kwenye kiti kama alivyokuwa, na dini yake imemruhusu. Neno hilo lilipaswa kusemwa kabla ya upasuaji, na mtu aliyejua, bila haraka.

Na alilizuia beseni la maji ya moto. Jirani alishayachemsha. Kumkanda mtu kwa maji ya moto ni huruma yetu ya kale, ila goti lenye kidonda kipya na uvimbe linataka baridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika chache, mara kadhaa kwa siku, bila kulowesha bandeji. Kigimbi kinachouma na kuvimba ghafla kisichuliwe kamwe, kipelekwe hospitalini. Vivyo hivyo homa, usaha, wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda. Kifua kubana ghafla au pumzi kukata ni jambo la kuita gari saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Familia inayojua mambo haya manne humlinda mgonjwa kuliko wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa thelathini.

Kuna upande mwingine wa imani hii ya kitanda, nao ulituuma zaidi. Wale waliosema siku tatu ni chache, ndio waliouliza baada ya wiki tano, "Bado tu anatumia gongo?" Kwa kuwa kupona ni kazi ya hospitali, aliyetoka hospitalini amepona, na asiyepona, ama kapasuliwa vibaya au anajidekeza. Mama alianza kuona aibu. Akaficha maumivu mbele ya wageni, akaacha mazoezi siku mbili akidhani kila kinachouma kimeharibika. Tungeambiwa mapema ukweli ulivyo, tusingefika hapo. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Wengi huacha magongo kati ya wiki ya nne na ya nane. Uvimbe na joto la goti huweza kuendelea kwa miezi mitatu, hata sita, na usingizi wa usiku huchelewa kurudi. Nguvu ya paja huendelea kujengeka kwa mwaka mzima. Na hata baada ya mwaka, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano husema hakuridhika na goti lake. Anayekwenda kupasuliwa ana haki ya kuujua mzani huo wote kabla hajatia saini.

Mbele ya mwaka mzima wa kazi, siku tatu au kumi za wodini ni ukurasa mmoja. Ndiyo sababu nashangaa kwamba mazungumzo yetu yote ya kifamilia yalikuwa juu ya ukurasa huo.

Mama sasa yuko mwezi wa kumi na moja. Goti linakunjika nyuzi 115. Anashuka vidaraja vya baraza bila kushika ukuta, anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa bajaji kwa sababu ya mzigo. Asubuhi za baridi linakaza. Hulinyoosha mara ishirini kabla ya kuteremka kitandani.

Ninaziomba hospitali zetu zinazofanya upasuaji huu zimpe kila mgonjwa, pamoja na mfuko wa dawa, karatasi ya Kiswahili yenye picha za mazoezi, idadi, namba ya simu ya kuuliza, na tarehe ya kuonana na mtu wa mazoezi ndani ya wiki ya kwanza. Karatasi hiyo ina thamani kuliko usiku wa nne wodini. Nanyi ndugu na majirani, mkienda kumtazama mtu aliyebadilishwa goti, msimwambie alale. Mpeni mkono asimame, tembeeni naye hadi mlangoni na kurudi, na kesho yake mwende tena.